Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: warudishieni watoto nyimbo zao

Kwa: Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu na Wajumbe wa Bodi ya Shule
Kutoka kwa: Bibi wa mwanafunzi wa darasa la awali, mwalimu mstaafu
Dar es Salaam

YAH: KUONDOLEWA KWA NYIMBO NA MICHEZO YA KISWAHILI KATIKA MADARASA YA AWALI

Ndugu Viongozi,

Nawasalimu kwa heshima. Jina la shule nimeliacha makusudi, kwa kuwa sina nia ya kuwaharibia kazi, na ninaowaandikia mnajijua. Barua nimeiweka hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nilizungumza na mwalimu wa darasa, akanielekeza kwa mwalimu wa taaluma. Niliandika kwenye daftari la mawasiliano, likarudi na muhuri na saini bila neno lolote. Niliinuka kwenye kikao cha wazazi, nikaambiwa hoja "imepokelewa". Kwenye kundi la WhatsApp la darasa nilijibiwa kwa ile picha ya viganja viwili vilivyokutana, na chini yake likafuata tangazo la ada. Najua pia kuwa shule za aina yenu ziko nyingi mjini, na mabibi wenzangu watajikuta humu.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu muhula huu uanze, watoto wa awali hawaimbi shuleni wimbo hata mmoja wa Kiswahili. Michezo ya kuimba imepigwa marufuku hadi wakati wa mapumziko, kwa hoja kwamba ndani ya geti inazungumzwa lugha moja tu, kama bango linavyosema. Badala yake watoto wanakalishwa kwenye zulia mbele ya televisheni, wanafuatisha vikatuni vinavyoimba Kiingereza. Mwalimu anasimama nyuma na rimoti. Kwenye jarida la shule mmeyaita hayo maboresho.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza sehemu kubwa ya maisha yangu. Kwa hiyo siongei kwa kukumbuka enzi zangu tu. Naongea kama mtu aliyekuwa akipokea watoto kutoka awali na kuwaanzisha kusoma. Naomba mnisikilize.

1. Mmeondoa mchezo, mkabakiza onyesho.

Chukueni "Ukuti", ambao kila mmoja wenu ameucheza, hata Mkurugenzi. Watoto wanashikana mikono, wanafanya duara, wanazunguka: ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka. Wakifika hapo mwisho wote wanatikisika na kuchuchumaa, mmoja anaanguka, wanacheka, wanaanza upya.

Tazameni kinachofanyika pale. Mtoto wa miaka minne ametamka "ukuti wa", "ukipata", "watetemeka", na kila kiambishi kimekaa mahali pake. Hajui kama kuna kitu kinaitwa ngeli, lakini ulimi wake umeshaizoea. Halafu kuna lile neno refu, watetemeka. Wimbo haumtupii mtoto neno zima kwa mara moja. Unampa kipande, watete, unampa tena, watete, ndipo unamkamilishia. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza akisikia hivyo anajua mtoto anakatakata silabi, kazi ambayo mimi nilikuwa naifanya ubaoni kwa chaki kwa wiki kadhaa. Na yote hayo yanakwenda na mwili: miguu inafuata mdundo, mkono umeshika mkono wa mwenzake, ukivuta sana duara linakatika na wenzako wanakununia. Hakuna mwalimu anayelazimika kusema "shirikianeni".

Sasa tazameni zulia lenu. Mtoto amekaa, macho mbele, midomo inacheza. Aliye karibu naye hamhitaji. Akinyamaza, katuni inaendelea kuimba bila yeye. Nilisimama dirishani siku moja nikisubiri kumchukua mjukuu wangu, nikaona watoto watatu wa mstari wa nyuma wamelala usingizi na wimbo unaendelea kwa furaha tele. Mnazi uko hapohapo uwanjani kwenu, jamani, karibu na tangi la maji.

2. Mnajidhoofishia kusoma, ambako ndiko mnakojitangazia.

Mabango yenu ya barabarani yanasema mtoto atasoma kabla ya kuingia darasa la kwanza. Sawa. Mwaka 1989 watafiti wa Oxford, wakiwemo Peter Bryant na Lynette Bradley, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto Waingereza tangu wakiwa na miaka mitatu hadi sita. Waliozijua vizuri nyimbo za kitoto wakiwa na miaka mitatu ndio waliokuja kuwa wepesi kupambanua sauti ndani ya maneno, na kwa njia hiyo wepesi wa kusoma, hata pale watafiti walipozingatia akili ya mtoto na hali ya nyumbani kwao.

Mtaniambia: basi si tunawaimbisha hizohizo za Kiingereza? Hapana. Wale walikuwa watoto Waingereza wakiimba lugha wanayolilia, wanayogombania toi, wanayoota nayo. Sikio linaanza kuchambua sauti za lugha linayoielewa. Mjukuu wangu anaimba mistari mirefu ya Kiingereza kwa lafudhi ya Marekani, ukimwambia arudie neno moja kutoka katikati hawezi. Kwake mstari wote ni mlio mmoja. Kwa Kiswahili ninamwambia "sema mabata bila ma", ananijibu "bata" na kucheka kwa kuwa amegundua kitu. Stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinaanzia hapo.

3. Adhabu.

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu bado linaniuma. Mjukuu wangu alikutwa uwanjani akiwaongoza wenzake katika "Simama, kaa", ule wa simama, kaa, ruka, ruka, ruka. Akasimamishwa ukutani mpaka kengele ilipolia. Kosa liliandikwa kwenye daftari kuwa ni "lugha". Yaani mtoto aliadhibiwa kwa kusimama, kwa kosa la kuimba simama. Mwalimu aliyetoa adhabu hiyo ni binti mwema na anatekeleza maagizo yenu, hivyo msije mkamwajibisha yeye.

4. Mnasema nyimbo za Kiswahili hazina maana, na mnazofundisha hamjazitafutia maana.

Mwalimu wa taaluma aliniambia kuwa nyimbo zetu ni za kuchezea tu, hazina "ujumbe", na zile za Kiingereza zina mafunzo. Naomba tuzikague pamoja.

Kuna ule wa kuiambia mvua iondoke, irudi siku nyingine, watoto wanataka kucheza. Ni wa kale, Uingereza kulikuwa na aina yake tangu karne ya 17, na kwa nchi ile ya manyunyu yasiyokwisha una akili zake. Desemba tulikwenda Kongwa, kule Dodoma kwenye mvua chache, kwa ndugu zetu. Mjukuu akakaa barazani, wingu limetanda, akaanza kuimba kwa sauti yote. Mjomba wake, aliyekuwa amemaliza kupanda mtama na anaangalia juu tangu asubuhi, akaniuliza mtoto anaimba nini kizuri hivyo. Nikamtafsiria. Akacheka kwanza, halafu akasema taratibu, "Mama, mwambie anyamaze." Mtoto hakuwa na kosa, hakujua anachokisema. Aliyemfundisha alipaswa kujua.

Kuna ule wa daraja la London linaloanguka. Nilimuuliza mjukuu kinachoanguka ni kitu gani, akanijibu, "Landani." Hapo palikuwa na hadithi tamu ya kumpa. Daraja la mawe la London lilikamilika mwaka 1209, likadumu zaidi ya miaka 600, kwa muda mwingi likiwa na maduka na nyumba juu yake. Lililochukua nafasi yake mwaka 1831 liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri Mmarekani, likafunguliwa jiwe moja moja na kuvushwa bahari, na tangu mwaka 1971 liko Lake Havasu City, Arizona, jangwani. Mtoto gani hatafungua macho akisikia kwamba mtu alinunua daraja akalihamisha? Lakini hamkumwambia, mmempa sauti tupu.

Na kuna Humpty Dumpty, ambaye ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Ukutani kwenu amechorwa yai kubwa lenye tai na miguu. Wimbo huo ulichapishwa London mwaka 1797, na maneno yake hayataji yai popote, kwa sababu ulikuwa kitendawili: kitu gani kikianguka, askari wote na farasi wote wa mfalme hawawezi kukiunga? Mtoto alitakiwa afikiri, ndipo ajibu. Ninyi mmechora jibu ukutani kabla ya kutega! Na sisi tuna chetu cha yai hilohilo, nyumba yangu haina mlango. Mwalimu mwenye ari angeviweka viwili hivyo pamoja asubuhi moja, Kiingereza na Kiswahili, na watoto wangegundua wenyewe kuwa mwenzao wa London na mwenzao wa Tanga waliulizwa swali kuhusu kitu kimoja. Hilo ndilo ningeliita shule ya kimataifa.

Mjue sipingi nyimbo za Kiingereza. Shairi la nyota la Mwingereza Jane Taylor la mwaka 1806, lile la "Twinkle, twinkle", ni zuri mno, na nyota tunazo hata Mbagala, umeme ukikatika ndiyo zinaonekana zaidi. Ninachopinga ni kuimbisha bila kujali kama mtoto ameelewa, kisha kuziita bure nyimbo anazozielewa.

Halafu hili neno "ujumbe". Mchezo wa "Nyama, nyama, nyama" hauna ujumbe wowote, ni kweli. Kiongozi anataja mnyama, mkiwa mnamla mnaruka na kuitikia "nyama", asipoliwa mnatulia, na atakayeruka kwa pupa ameumbuka. Ng'ombe, nyama! Mbuzi, nyama! Kuku, nyama! Fisi... na daima kuna mmoja tayari yuko hewani. Mtoto anajifunza kusikiliza mpaka mwisho wa neno kabla ya kutenda, jambo ambalo watu wazima wengi kwenye vikao vyetu hawajaliweza. Akitajwa nguruwe, nusu ya duara inaruka na nusu inabaki chini, wanaangaliana, na hapo wanajua kuwa kwa kina fulani haliwi na kwa kina fulani analiwa, na mchezo unaendelea. Hakuna aliyewahutubia juu ya kuvumiliana. Mimi nimeona darasa la Waislamu na Wakristo likimaliza suala hilo kwa kicheko ndani ya sekunde tano.

5. Watoto wa chekechea mnawalaza kwa spika.

Baada ya chakula cha mchana, watoto wa miaka miwili na mitatu wanalazwa huku spika ikipiga muziki uleule kila siku. Wimbo wa kubembeleza unafanya kazi kwa sababu anayeimba anamwona mtoto: anapunguza sauti macho yanapolegea, anarudia pale mtoto anaposhtuka, mkono uko mgongoni. Mama zetu wa pwani walikuwa wakimbembeleza mtoto na humohumo wanatoa yao ya moyoni, ya mume na ya mawifi, na mtoto analala tu. Spika haimwoni mtu. Wasaidizi wenu wa darasa wanajua kubembeleza, wengi wao ni akina mama, wameambiwa wasiimbe.

6. Siku ya Kiswahili.

UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka jana mliwafunga watoto khanga, mkawapanga kwa urefu, wakaimba "Maua mazuri yapendeza" mbele ya kamera, picha zikaingia kwenye kurasa zenu jioni ileile. Muhula huu nyimbo hizohizo zimekuwa kosa la nidhamu. Sina la kuongeza.

Sasa najua mtakachonijibu, maana baadhi ya majibu nimeshapewa.

Mtasema Kiswahili watoto watakipata nyumbani. Nyumbani wapi, ndugu zangu? Basi lenu linamchukua mtoto saa kumi na mbili kasoro asubuhi akiwa bado anasinzia, linamrudisha jua linazama. Tunaishi kwenye nyumba za kupanga zenye uwanja uliojaa magari. Michezo ya kuimba inataka watoto kumi au ishirini wa rika moja wenye nafasi ya kuzunguka, na hao kwa sasa wanapatikana sehemu moja tu: kwenu. Nyumbani kuna bibi mmoja mwenye magoti mabovu na mjukuu mmoja. Hatuwezi kufanya duara.

Mtasema wazazi ndio wanaotaka Kiingereza. Wanakitaka, na hata mimi namtakia mjukuu wangu Kiingereza safi. Lakini hakuna mzazi niliyemsikia akiomba Kiswahili kifutwe uwanjani. Aliyeomba mwonyesheni.

Mtasema mtaala. Mtaala wa elimu ya awali wa nchi hii unahimiza mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo na hadithi, haukutaja rimoti.

Mtasema nyimbo nyingine za mitaani zina maneno yasiyofaa. Hili lina ukweli. Zipo za kumcheka kilema, zipo za kumtisha mtoto, na nilipokuwa kazini nilikuwa naziacha. Lakini mbona zile za Kiingereza hamkuzichuja? Kichanga kinaanguka na susu lake tawi likivunjika, panya vipofu wanakatwa mikia kwa kisu, na ule wa kuhesabia ili kupata anayeanza ulikuwa na tusi kwa watu weusi katika maneno yake ya zamani kabla ya kubadilishwa. Kila taifa linachuja nyimbo zake. Chujeni za pande zote mbili.

Na mtasema walimu wenu vijana hawazijui. Hilo nalikubali kabisa, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu wao wenyewe wamepita shule za aina hii.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Marufuku ya kuimba na kucheza kwa Kiswahili wakati wa mapumziko iondolewe mara moja, pamoja na adhabu zake, na walimu waandikiwe waraka unaosema hivyo wazi. Maneno ya mdomo hayatoshi.

(b) Kila siku madarasa ya awali yapate angalau nusu saa ya michezo ya kuimba, nje, chini ya mnazi ule, bila televisheni. Nyimbo ziwe za Kiswahili na za Kiingereza, na hata za lugha za nyumbani kwa watoto. Mna watoto wa Kihaya, wa Kichaga, wa Kimakonde. Waiteni mabibi zao.

(c) Wimbo wowote wa Kiingereza usifundishwe mpaka mwalimu aweze kumweleza mtoto, kwa lugha anayoielewa, unasema nini na unachezwaje.

(d) Watoto wa chekechea wabembelezwe na mtu.

(e) Hoja hii iingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha wazazi kama ajenda kamili, isisukumwe kwenye "mengineyo", na Bodi ijibu kwa maandishi kabla ya hapo.

Kuhusu walimu vijana, nimeshazungumza na wastaafu wenzangu wawili wa hapa mtaani. Tuko tayari kuja Jumamosi za mwezi mzima kuwafundisha "Ukuti", "Nyama", "Mabata madogodogo" na mingine, pamoja na namna ya kutega vitendawili kwa watoto wadogo. Hatutaki posho. Chai ya rangi itatosha, na kiti kimoja chenye mgongo kwa ajili yangu.

Endapo sitajibiwa hadi siku ya kikao, nitawaomba wazazi wenzangu tuyapeleke maombi haya kwa Afisa Elimu wa Kata tukiwa tumetia saini. Ningependa zaidi tumalizane wenyewe.

Wenu katika malezi,

Bibi wa mwanafunzi, darasa la awali

Nakala: Wazazi na walezi wote wa madarasa ya awali